Nduma, kutoka mtaroni hadi mezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nalima nduma Vihiga, kwenye kishamba kisichofika robo ekari, na siku za soko naziuza Luanda, mji wa huku huku Vihiga. Mteja akishachagua zake huwa haondoki. Anasimama, anauliza. Maswali ni yale yale, na mengi yanatoka kwa watu waliotazama video ya mtaro wa nailoni, yaani mtaro uliotandikwa karatasi ya nailoni ili ushike maji, wakaona utajiri. Nimeyapanga hapa kuanzia ya anayeanza hadi ya aliyekwisha kuchimba na mambo yakamwendea mrama. Nimeyapa nambari ili nisirudie jambo moja mara mbili.

## Kabla hujashika jembe

1. Nduma na arorutu ni kitu kimoja?

Sokoni kwetu, ndiyo. Mtu akikuuliza bei ya arorutu anataka nduma. Ila jina hilo tumeliazima vibaya. Arorutu yenyewe ni mmea mwingine, Maranta arundinacea, asili yake Amerika, unaosagwa kuwa unga mweupe wa kufanya mchuzi uwe mzito. Nduma ni Colocasia esculenta, na kwao ni Asia. Jina "nduma" limetoka kwa Wakikuyu. Pwani wanaziita majimbi, na ukivuka kwenda Tanzania utasikia magimbi.

Sehemu tunayokula si mzizi. Ni shina lililonenepa ndani ya udongo, na ndiyo maana unaweza kulikata kichwa ukalipanda tena (swali la 9). Mizizi yenyewe ni zile nyuzi nyeupe zinazoning'inia.

2. Nitaitofautishaje na mimea inayofanana nayo?

Ligeuze jani uangalie mahali bua linaposhikia. Kwa nduma, bua limeshika jani kwa nyuma, ndani kidogo, si kwenye ule mkato unaotenganisha masikio mawili ya jani. Ncha ya jani huinama kutazama chini. Ukiona bua limeingia moja kwa moja kwenye mkato, hiyo ni Xanthosoma, jamaa yake kutoka Amerika. Nayo huliwa ikipikwa, lakini kinacholiwa zaidi ni vitoto vinavyozunguka shina, si shina la katikati.

Wa kuogopa ni ule wa mapambo ulio kwenye bustani za hoteli, majani yake yamesimama yakielekeza ncha juu. Usiuchemshe kwa kubahatisha.

3. Mimi sina mto wala chemichemi. Naweza kulima?

Unaweza, na hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Nduma haihitaji mto. Inahitaji udongo usiokauka hata wiki moja tangu kupandwa hadi karibu na kuvunwa. Kinamasi hutoa huduma hiyo bure. Ukiwa juu kilimani, utailipia kwa mitungi. Kabla hujanunua kitu chochote soma swali la 7. Wengi huhesabu miche na kusahau kuhesabu maji.

4. Inafanya vizuri wapi kati ya Kisumu, Kakamega na Nakuru?

Nduma hupenda joto la nyuzi 21 hadi 27 na mvua nyingi. Kakamega na Vihiga zimebarikiwa: Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na kiangazi chake cha kweli ni Desemba hadi Februari. Hapa kwangu navuna mwezi wa saba au wa nane tangu kupanda. Kisumu, mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, nduma hukua mbio, lakini jua la kule hunywa maji bila huruma.

Nakuru mjini, kama mita 1,850, mvua ni takriban nusu ya ile ya Kakamega na usiku ni baridi. Nduma itakua, ila weka akili yako kwenye miezi tisa hadi kumi na miwili. Ukipanda kuelekea Molo au Mau Narok, ambako barafu ya alfajiri huunguza hata viazi, mimi ningekushauri ulime viazi hivyo hivyo na nduma ununue.

## Mtaro, nailoni na maji

5. Mtaro unachimbwaje?

Upana mita moja, kina futi mbili, urefu unavyotaka, ingawa mita kumi ni rahisi kuhudumia. Udongo wa juu, ule mweusi, uweke upande mmoja. Wa chini, mwekundu, upande mwingine. Huo mwekundu haurudi ndani. Sakafu iwe sawa kabisa. Ikiinama, mwisho mmoja utageuka dimbwi na mwingine jangwa. Mimi hutumia chupa ya soda yenye maji nusu, nikailaza juu ya ubao, kwa sababu fundi wa kupima hayuko kwenye bajeti.

Okota mawe na mizizi yenye ncha, tandaza nailoni ipande kingo zote, kisha jaza mchanganyiko: makarai mawili ya udongo mweusi kwa moja la samadi iliyooza. Usijaze hadi juu. Acha kama sentimita 15 kutoka ukingoni, hapo ndipo maji ya mvua yatakaa yakishuka polepole.

6. Nailoni ipi? Na si zilipigwa marufuku?

Marufuku iliyoanza Agosti 2017 ililenga mifuko ya kubebea na kufungia bidhaa. Karatasi ya nailoni ya shambani inayouzwa kwa mita haikuguswa, na maduka ya vifaa bado yanaiuza. Chukua ya geji 1000, ambayo unene wake ni maikroni 250. Ya geji 500 ni nusu ya hapo. Ni rahisi, lakini jembe likiigusa mara moja umekwisha. Upande unaobaki nje ya udongo ufunike, maana jua huikausha ikapasuka kama ganda la yai.

7. Mtaro mmoja unahitaji maji kiasi gani?

Hapa ndipo pesa za watu huzama. Nailoni huzuia maji yasishuke chini. Haizuii jua kuyavuta juu, wala haizuii majani mapana ya nduma kuyanywa. Nailoni si kisima.

Hesabu ni hii. Siku ya kiangazi, shamba lililofunikwa na majani mabichi huku kwetu hupoteza kama milimita tano za maji. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mtaro wa mita moja kwa kumi ni mita kumi za mraba, kwa hiyo ni lita 50 kwa siku: mitungi miwili na nusu ya lita 20. Kwa wiki ni mitungi kumi na saba na nusu. Sasa zidisha kwa idadi ya mitaro uliyoiota, kisha jiulize nani ataibeba.

Njia ya kupunguza kazi ni mbili. Ya kwanza, funika udongo kwa majani makavu ya migomba au mabua ya mahindi, unene wa kiganja. Ya pili, tega maji ya paa. Bati la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 20 linamwaga lita 1,000. Toa yanayorukia nje, bado una kama 800. Mvua moja tu ya namna hiyo inatosha mtaro mmoja wiki mbili, mradi una tangi.

Nilijifunza hili kwa machozi. Mwaka wangu wa kwanza nilichimba mitaro mitatu mwezi wa kumi na moja. Vuli ikanidanganya, kila kitu kikawa kijani. Januari nikaenda kuuguza dada yangu Nairobi majuma mawili, na kijana niliyemwachia kazi akawa anarushia maji juu ya majani jioni, kama anayenyunyizia vumbi la uwanjani. Nilirudi nikakuta majani yamejikunja kama mwavuli. Nikamwagilia, yakainuka, nikasema Mungu ni mwema. Siku ya kuvuna ndipo nilipoona: kila nduma ilikuwa na kiuno. Nene chini, nyembamba katikati, nene tena juu, kama kibuyu. Ile sehemu nyembamba ndiyo Januari. Nduma haisahau, inaandika kiangazi chako kwenye mwili wake na mteja anakisoma.

Ukitaka kujua kama maji yanatosha, zamisha kidole hadi pingili ya pili. Udongo ukishika kidole, sawa. Kikitoka kikavu, umechelewa.

8. Shamba letu liko kando ya mto. Sheria inasemaje?

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinakataza kulima ukingoni mwa mto ndani ya umbali unaolingana na upana wa mto wenyewe, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, ukipima kutoka mahali mafuriko makubwa zaidi yaliwahi kufika. Najua, nusu ya nduma za Magharibi ziko ndani ya hizo mita sita. Hilo halibadilishi sheria. Na kusema kweli, mikaratusi iliyopandwa chemichemini imekausha maji mengi kuliko nduma zitakavyowahi kukausha, ila mmoja kukosea si ruhusa kwa mwingine.

## Miche na kupanda

9. Miche ya nduma inatoka wapi, na nichague ipi?

Nduma haipandwi kwa mbegu. Kuna aina mbili za miche. Moja ni machipukizi yanayoota pembeni mwa mama. Nyingine ni kichwa: ukivuna, kata kipande cha juu cha shina, unene wa sentimita moja au mbili, kikiwa na mabua yake yaliyopunguzwa hadi kama sentimita 25. Kiache kivulini siku moja au mbili jeraha likauke, kisha panda. Mimi napendelea kichwa. Kinaanza na nguvu, na unajua mama yake alikuwa na ladha gani kwa sababu umemla.

Chipukizi zuri lina kitako kinene kama kidole gumba au zaidi. Minya: kikibonyea, achana nacho. Muuzaji mmoja aliniletea machipukizi 300 kwenye gunia lililofungwa tangu juzi yake. Nilipofungua nilisikia harufu kama ya maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo. Niliyapanda hivyo hivyo kwa kuwa nilikuwa nimelipa. Theluthi moja haikuota, na iliyoota ilibeba uozo ndani ya mtaro (swali la 13). Siku hizi sinunui mche nisiouona ukichimbwa.

10. Nipande kwa nafasi gani?

Sentimita 30 kwa 30 kwenye mtaro mwembamba: mistari mitatu, miche 33 kila mstari, jumla 99 kwa mita kumi. Ukitaka nduma kubwa za kuuza moja moja, panua hadi 45, mistari miwili, miche kama 44. Mche uende chini sentimita 15 hivi. Mwanzo wa mvua za Machi ndio wakati mwafaka kwetu, kwa sababu zao litakuwa limekaribia kukomaa kiangazi kitakapokuja.

11. Mbolea ya duka ni lazima?

Si lazima kama samadi ilikuwa ya kutosha. Ukiongeza ya kukuzia, iwe katika miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo nitrojeni hulisha majani tu. Majivu ya jikoni yana potasiamu, na nduma huipenda. Karai moja lililotawanywa mtaro mzima, mara moja katikati ya msimu, linatosha.

## Mambo yakienda kombo

12. Majani ni makubwa kama mwavuli lakini chini hakuna kitu. Kwa nini?

Mara nyingi ni mojawapo ya haya matatu: mbolea ya kukuzia imetiwa kwa kuchelewa, mimea imefunikwa na kivuli cha migomba, au umeacha machipukizi yote. Kila chipukizi ni mdomo. Baki na mawili, mengine yang'oe ukayapande kwingine.

Sababu ya nne ni haraka. Nduma hutangulia majani, halafu karibu na nusu ya safari ndipo hugeukia shina. Ukifukua mwezi wa nne tangu kupanda ukakuta kitu kama yai, hakuna tatizo. Fukia.

13. Majani yanageuka manjano na nduma inaoza. Nimekosea wapi?

Ng'oa moja unuse. Ikiwa mizizi imekuwa myeusi, laini, na inanuka, maji yamekaa yakapata joto. Watu husema nduma ni mmea wa majini, na ni kweli, lakini majini ni maji yanayotembea na yaliyo baridi. Maji yaliyotuama kwenye nailoni chini ya jua la Kisumu ni supu, na vimelea vya kuozesha mizizi, Pythium, hustarehe humo.

Toboa matundu machache kwenye nailoni ubavuni, kiganja kimoja juu ya sakafu, ili ya ziada yatoke na ya akiba yabaki. Mimea iliyooza itoe nje ya shamba. Udongo wa mtaro huo usipande nduma tena msimu unaofuata. Panda sukuma wiki.

14. Fuko anakula nduma zangu.

Pole. Nailoni humchelewesha tu. Mitego ya waya na fimbo inayopinda bado ndiyo dawa, na kila kijiji kina mzee mmoja anayejua kuitega. Mlipe. Sumu sitaki kusikia, maana paka na kuku wa jirani hawajui mpaka.

## Kuvuna na kuhifadhi

15. Nitajuaje zimekomaa?

Majani hupungua. Yale mapya yanayotoka huwa mafupi na madogo kuliko ya nyuma, na mabega ya nduma huanza kuchungulia juu ya udongo kana kwamba inataka kuondoka yenyewe. Hapo punguza maji wiki tatu hivi, ili wanga ujikusanye.

Vuna udongo ukiwa na unyevu kidogo, si tope. Chimba kwa uma kutoka pembeni, ukiinua. Jembe hukata, na nduma iliyokatwa haikai siku tatu.

16. Lazima nivune zote pamoja?

Hapana, na huu ndio uzuri wake. Udongo ndio ghala. Unaweza kuchukua za wiki hii ukaacha nyingine mwezi mmoja au miwili zaidi. Usiziache mpaka mvua mpya zizichipushe, maana wanga uliolimbikizwa hurudi juu kulisha majani na nduma inabaki maji matupu (swali la 20).

17. Zikishatoka shambani zinakaa muda gani?

Wiki mbili bila wasiwasi, nne ukiwa mwangalifu. Usizioshe. Pangusa udongo kwa mkono, kata mabua, zitandaze kivulini penye hewa, safu moja. Zilizochubuka uzile kwanza. Nyanya yangu alizifukia kwenye shimo dogo chini ya mwembe, chini majani ya mgomba, juu majani, halafu udongo. Kwa njia hiyo mimi nimewahi kufika wiki ya tano na nikapoteza chache. Kwenye gunia la nailoni hutoka jasho na kuota ukungu kwa siku nne.

18. Kwenye friji je?

Mbichi, usiziweke. Ni mmea wa joto. Baridi ya friji huumiza nyama ya ndani ikawa na mabaka ya kahawia. Ukitaka kuziweka muda mrefu, menya, katakata, chemsha hadi nusu kuiva, poza, kisha ugandishe. Zikitoka huko zinaenda moja kwa moja kwenye sufuria au mafuta bila kusubiri ziyeyuke.

## Jikoni

19. Kwa nini nduma huwasha mikono na koo?

Ndani yake kuna vijisindano vya kalisi oksaleti, vidogo visivyoonekana kwa macho, na vinachoma ngozi. Ukimenya, mikono iwe mikavu na umeipaka mafuta ya kupikia, au vaa glavu. Kosa la wengi ni kuosha nduma, kisha kuimenya ikiwa imelowa. Ule ute huteleza na kuingia hadi kwenye kucha. Rahisi zaidi ni kuichemsha na ganda lake, umenye baadaye. Ganda hutoka kama soksi.

Ikikuwasha kooni haikuiva. Hakuna siri nyingine. Irudishe jikoni. Na tafadhali, usiisage mbichi kwenye juisi, hata kama mtu wa mtandaoni ameapa kwamba inasafisha damu.

20. Ichemshwe muda gani, na nitajuaje ni nzuri?

Nzima ya ukubwa wa ngumi mbili, na ganda, dakika 45 hadi saa nzima kwenye moto wa wastani, sufuria imefunikwa, maji yameifunika. Vipande vilivyomenywa, dakika 25 hadi 35. Chomeka kijiti katikati: kiingie na kutoka bila kubeba utelezi.

Nduma nzuri ukiikata ikiwa moto hupasuka, haikatiki. Nyama yake ni nyeupe kijivu yenye vidoadoa vya zambarau, na pembeni inaacha unga kwenye kisu. Hiyo ndiyo wateja wangu huita "ya unga". Ile ya maji inang'aa, inateleza, na ukiila ni kama sabuni isiyo na povu. Haijaharibika, ila ilivunwa kabla ya kukomaa au baada ya kuchipua upya, au ilishiba nitrojeni. Usihangaike kuichemsha zaidi. Itie kwenye mchuzi wa nyama, inywe ladha ya wengine.

21. Zaidi ya kuchemsha kwa chai, naipikaje?

Kwa chai haijapata mshindani, tukubaliane. Lakini kata vipande virefu, chemsha nusu, kausha kwa kitambaa, kaanga kwenye mafuta yaliyopata moto, nyunyizia chumvi na pilipili ya unga: watoto watasahau chipsi za viazi. Pwani huzipika kwa tui la nazi, na mwezi wa Ramadhani majimbi ya nazi hayakosi kwenye futari. Tui zito litiwe mwisho.

Unga wa nduma pia upo: kata vipande vyembamba, chovya kwenye maji yanayochemka dakika chache, kausha juani, saga. Hauna gluteni, kile kinachoushikamanisha unga wa ngano, kwa hiyo chapati ya unga huo peke yake itavunjika mkononi. Kipimo kimoja kwa vitatu vya ngano, utakanda bila shida. Mwasho wa nduma isiyoiva hautoki kwa kukausha. Chapati iive vizuri.

22. Majani yake yanaliwa?

Yanaliwa, hasa machanga, lakini yana vijisindano vile vile vya swali la 19. Chemsha hadi yalegee kabisa, mwaga maji, chemsha tena. Kwetu wachache huyala kwa sababu kunde na mrenda zipo, na sioni haja ya kuwalazimisha.

## Afya

23. Nina kisukari. Nimeambiwa nduma ni dawa.

Si dawa. Ni chakula cha wanga. Gramu 100 za nduma iliyochemshwa zina takriban gramu 35 za wanga, gramu 5 za nyuzinyuzi na kalori 142. Nyuzinyuzi hizo husaidia sukari isipande kwa kasi ya mkate mweupe, na hapo ndipo sifa yake ilipotoka. Lakini vipande vinne vikubwa na chai yenye vijiko vitatu vya sukari si tiba ya mtu. Pima kiasi, hesabu kama unavyohesabu ugali, na umwonyeshe daktari wako vipimo.

24. Mwenye shida ya figo ale?

Amuulize daktari kwanza, kwa sababu nduma ina potasiamu nyingi, karibu miligramu 480 kwa gramu 100 zilizochemshwa, na oksaleti ambayo huchangia baadhi ya vijiwe vya figo. Kuchemsha na kumwaga maji hupunguza oksaleti. Maziwa nayo husaidia, kwa kuwa kalisi yake huishika oksaleti tumboni kabla haijaingia mwilini. Kumbe chai ya maziwa ilikuwa na akili zake.

25. Mtoto anayeanza kula?

Kuanzia miezi sita, ikiwa imeiva barabara na kupondwa laini. Chembe za wanga wake ni ndogo mno na humeng'enyeka kwa urahisi.

26. Nduma za maji taka nitazijuaje?

Kwa macho huwezi. Nduma iliyonyweshwa maji ya viwandani inaweza kubeba risasi na madini mengine mazito ndani ya nyama yake, na kuosha au kuchemsha hakuyatoi. Kinga pekee ni kujua ilikotoka. Muulize muuzaji, akikasirika, umeshapata jibu.

27. Maganda niwape nguruwe?

Yakichemshwa, ndiyo. Mabichi yatawawasha vinywa kama yanavyokuwasha wewe.

## Soko

28. Niuze kwa gunia, kwa fungu au kwa kilo?

Kwa kilo ukiweza. Gunia la lumbesa, lile lenye kilemba juu, limeshonwa kwa manufaa ya mtu mmoja tu, naye si wewe. Dalali mmoja alinunua mtaro wangu kwa macho, akatoa nusu ya pesa, na siku ya kung'oa akachambua zilizonyooka akaniachia zenye kiuno na nusu ya deni. Siku iliyofuata nilinunua mizani ya kuning'iniza.

Kibuye huko Kisumu wanunuzi wa jumla hutaka za ukubwa mmoja. Luanda na Chavakali mama wa nyumbani huchukua mchanganyiko, na vidogo vya fungu ndivyo huisha kwanza. Kwa mtaro wa mita kumi, nikipata kilo 60 nafurahi. Anayekuahidi kila mche kilo moja na nusu, muulize kama anauza nduma au anauza miche.

29. Nduma yangu imetoa ua. Ni mkosi?

Hapana, ni nadra tu. Ni kijiti cheupe kilichovikwa ala ya manjano hafifu. Mimi nimeliona mara mbili katika miaka yote, na mara zote jirani zangu walikuja kulitazama kama aliyezaa mapacha. Nduma iliyo chini yake inaliwa kama kawaida. Kata ua ukipenda, au liache.